Uvimbe wa Taya, Ugonjwa wa Utumbo

Mtoto wa farasi mwenye umri wa miezi mitano au sita, aliyekwisha kuachishwa kunyonya, huanza kupoteza hamu ya kula. Hukonda upesi, manyoya yake huparara, na uvimbe mwororo hutokea chini ya taya, tumboni na miguuni. Aghalabu huharisha, ingawa si lazima. Mwenye farasi huenda akadhani kuwa ni jipu au pigo la teke. Kumbe chanzo kimo katika utumbo mwembamba.

Ugonjwa huu huletwa na bakteria aitwaye Lawsonia intracellularis. Kwa nguruwe dalili zake zilielezwa mwaka 1931. Kwa mtoto wa farasi, mwaka 1982. Jina hilo lilitolewa mwaka 1995 kwa heshima ya G. H. K. Lawson, mtaalamu wa Edinburgh. Bakteria huyu haoti katika vyakula vya kawaida vya maabara, kwani huzaana ndani ya seli hai tu.

Ukuta wa ndani wa utumbo una vijidole vingi vya kufyonza chakula, na kati yake vimo vishimo. Seli changa huzaliwa vishimoni, kisha hupanda zikikomaa ili kushika nafasi ya zilizochakaa. Lawsonia huingia katika seli hizo changa, nazo huendelea kugawanyika bila ya kukomaa. Hatimaye ukuta hunenepa, vijidole hutoweka, chakula hupita bila ya kufyonzwa, na protini za damu huvujia utumboni.

Miongoni mwa protini hizo ni albumini, ambayo kwa nguvu ya osmosisi huzuia maji ya damu yasitoke katika mishipa. Inapopungua, mara nyingi hata chini ya gramu 20 kwa lita, maji hupenya na kukusanyika katika sehemu za chini za mwili. Huo ndio uvimbe unaoonekana.

Kwa nini umri huo? Kondo la farasi halipitishi kingamwili; mtoto huzipata katika dang'a, nazo hufifia kadiri miezi inavyopita. Zinapokwisha, huja mashaka ya kutengwa na mama na kuchanganywa na wageni. Bakteria humfikia kwa chakula au maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha wanyama walioambukizwa.

Daktari hupima albumini, hutafuta kingamwili katika damu na DNA ya bakteria katika kinyesi, na hutazama unene wa utumbo kwa mawimbi ya sauti. Dawa ifaayo ni ile iwezayo kupenya ndani ya seli, kama vile tetrasaiklini, nayo hutolewa kwa majuma kadhaa. Watoto wengi wanaotibiwa mapema hupona. Wanaocheleweshwa huweza kufa. Kwa hiyo uvimbe chini ya taya ya mtoto wa farasi anayekonda usipakwe dawa tu na kuachwa: damu yake na ipimwe.