Kabla ya kuhamisha injini, uliza habari za flaiwili

Huenda umeachiwa Land Rover ya mzee, ile Series III yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Bodi ni nzima, chesisi ni nzima, lakini injini imechoka na inabugia petroli kama ng'ombe aliyekosa maji siku tatu. Unateremka Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, na huko unaonyeshwa injini ya dizeli ya Kijapani iliyotolewa katika pikapu. Bei inapendeza. Fundi anakuambia, "Mdosi, hii itaingia tu."

Tuliza mkono kabla haujafika mfukoni, msomaji, umwulize jambo moja: itashikana vipi na giaboksi?

Kuingia itaingia. Chini ya boneti ya Land Rover mna nafasi, na viegemeo vya injini huchomelewa vipya bila taabu. Matata yako nyuma, pale jicho lisipofika. Kwenye ncha ya krenki hufungwa gurudumu zito la chuma, ndiyo flaiwili. Juu yake hufungwa presha pleti, na katikati hubanwa klachi pleti, sahani nyembamba yenye tundu la meno linalovaa shafti ya giaboksi. Sasa tazama: flaiwili na presha ni za ukoo wa injini, lakini meno ni ya ukoo wa giaboksi. Hii ni ndoa ya makabila mawili, na klachi pleti ndiyo mshenga.

Kwa hivyo utatafuta sahani ambayo ukubwa wake wa nje unalingana na presha, na tundu lake linalingana na shafti. Beba sahani zote mbili za zamani pamoja na kipimo cha venia, uhesabu meno na upime unene wa shafti. Ikikosekana madukani, wale mafundi wanaobandika klachi upya kwa riveti wanaweza kutia kitovu cha sahani moja katika sahani nyingine.

Flaiwili haina mchezo. Wako mafundi ambao, matundu ya bolti yasipolingana na ya krenki, huyatanua kwa tupa hadi yakubali. Mkatalie mtu huyo, hata kama ni shemeji yako. Bolti kazi yake ni kubana tu. Kinachoweka gurudumu katikati ni bega la duara la krenki, linaloingia katika tundu la flaiwili bila kucheza. Fanya hesabu na watoto: flaiwili yenye kipenyo cha sentimita 30, ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda kasi ya kama kilomita 226 kwa saa. Nyingi ni za chuma cha kalibu, ambacho hupasuka kikichomelewa vibaya. Kipande kikitoka humo hutoboa sakafu, na kilicho karibu ni miguu ya dereva.

Njia ya salama ni kubaki na flaiwili ya injini yenyewe. Kama presha yake haifai, mpelekee fundi wa kukereza atoboe matundu mapya ya presha nyingine, kisha gurudumu lisawazishwe mizani. Akilikwangua uso, mwulize amepunguza milimita ngapi, maana uso ukisogea, beringi inayosukuma klachi haifiki mahali pake na gia zitakataa kuingia. Ile beringi ndogo katika ncha ya krenki, inayoshikilia shafti ya giaboksi, nayo huenda ikahitaji bushi ya shaba iliyokerezwa kwa kipimo.

Halafu kuna bamba linalounganisha injini na giaboksi. Likikaa pembeni kwa unene wa unywele mmoja au miwili, gari litatembea, naam, lakini pedali itatetemeka, na baadaye kitovu cha klachi kitang'oka. Kumbuka pia kuwa giaboksi ya Series haikuundwa kwa nguvu nyingi. Injini kubwa mno itaisaga.

Kazi ikiisha, nambari mpya ya injini iandikishwe kwa NTSA na kampuni ya bima ijulishwe. Hifadhi risiti ya injini, kwani utaihitaji.