Juma la Padre wa Mang'ula

Mtu wa Visiwani akiulizwa padre hufanya kazi gani, aghalabu hujibu upesi: husalisha Jumapili. Jawabu hilo si la uongo, lakini ni sawa na kusema kwamba kazi ya sheha ni kupiga muhuri. Wengi wetu tumeliona Kanisa kwa nje tu, tulipopita Mkunazini au Minara Miwili tukienda zetu sokoni. Tena twasahau kwamba Kanisa Katoliki la Bara liliingilia mlango wetu: mapadre walifika Unguja mwaka 1860, na ni kutoka Unguja walikovuka wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu kwenda Bagamoyo mwaka 1868.

Tuchukue basi mji mdogo wa Mang'ula, wilayani Kilombero, ulioko baina ya Kidatu na Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilipita hapo na kuleta mafundi na karakana. Mashamba ya miwa ya Kidatu yalivuta vibarua kutoka mikoa ya mbali. Mwaka 1992 ikazaliwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ikaweka makao yake makuu hapo hapo. Ndiyo maana Mndamba, Mpogoro, Mbunga, Mhehe na mgeni aliyekuja kukata miwa ni majirani, na Waislamu na Wakristo huzikana bila kuulizana dini. Kwa upande wa Kanisa, bonde hili lililelewa na Wakapuchini wa Uswisi waliofika nchini mwaka 1921, baada ya Wabenediktini wa Kijerumani kuondolewa kwa sababu ya Vita Kuu. Tangu Januari 2012 liko chini ya Jimbo la Ifakara, lililomegwa kutoka Jimbo la Mahenge.

Juma la padre katika mahali kama hapo halianzi wala haliishi Jumapili. Jumatatu, kwa desturi ya makasisi wengi nchini, ndiyo siku ya mapumziko, lakini maiti haingoji Jumanne. Siku nyingine huanza kwa misa ya alfajiri, yenye watu wachache, wengi wao akina mama walio njiani kwenda shamba. Kisha hufunguliwa ofisi. Huyu ataka cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa ya mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Yule ameleta mchumba, na padre hana budi kuwahoji wote wawili, mmoja mmoja, kama wako huru na kama hawakushurutishwa, kisha majina yao yatangazwe kanisani ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mchana ni wagonjwa, anaowapelekea komunyo na mafuta matakatifu majumbani mwao. Sisi tuliokaa chuoni na juzuu zetu kabla ya kuingia skuli ya serikali twaifahamu sana hali hii, kwani mwalimu wa chuo naye hakuwa mwalimu tu: aliozesha, alizika, alisuluhisha mume na mke, na usiku aliamshwa kumsomea mgonjwa.

Lipo jambo moja lisilo na mfano kwetu, nalo ni vigango. Parokia si jengo moja. Ni kanisa la katikati pamoja na makanisa madogo vijijini, na padre huyazungukia kwa zamu, mara nyingi kwa pikipiki. Mvua za masika zikishuka mlimani na bonde likajaa maji, zamu huweza kuahirishwa kwa majuma. Katika majuma hayo anayeongoza sala za Jumapili, anayewafundisha watoto na anayezika ni katekista. Huyu aghalabu ni mkulima kama majirani zake. Posho yake, ikiwapo, haitoshi kumlisha. Kwa maoni yetu, atakayeandika habari za padre bila ya kumtaja katekista ameandika nusu ya habari.

Chini ya kigango iko jumuiya ndogo ndogo, yaani nyumba chache zinazokutana kila juma kwa zamu kusoma Injili, kuchangia mgonjwa na kuulizana nani hakuonekana. Maaskofu wa Afrika Mashariki walioazimia njia hiyo walikutana Nairobi mwaka 1973. Mwanachama wa zamani wa TANU atatabasamu hapa, maana nyumba kumi kumi za Chama zilikwishatangulia tangu miaka ya 1960, na shabaha haikuwa mbali: kiongozi ajue nani amelala na njaa. Tofauti ni kwamba jumuiya zingali zinakutana kila juma. Mabalozi wetu nao wajiulize ni lini walikaa na nyumba zao mara ya mwisho pasipo uchaguzi.

Basi yaletwayo katika mikutano hiyo si mambo ya dini peke yake. Hadi mwaka 2011 wanavijiji wanaopakana na hifadhi waliruhusiwa, kwa siku maalumu, kuingia kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ilipokoma, mzigo uliwaangukia akina mama. Yapo pia mashauri ya mipaka ya mashamba, na ya ng'ombe walioingia katika mpunga. Mwenye shida kama hiyo humwendea padre kwa sababu nyepesi: mlango wake u wazi na yeye yupo. Padre hana mamlaka ya kukata shauri la ardhi. Hulisikiliza, akaandika barua kwa ofisi ya kijiji, na mwenye shida akairejesha njia ile ile aliyoiacha.

Hapo ndipo tunapotaka kusema na ndugu zetu watumishi wa Serikali. Ibara ya 19 ya Katiba imeziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Mwaka 1992 Serikali na Makanisa zilitia saini makubaliano juu ya huduma za jamii, na yamekuwa na mjadala mrefu miongoni mwa Waislamu, mjadala ambao haufai kupuuzwa. Lakini makubaliano yale yalihusu shule na hospitali, kama ile ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara. Hayakumfanya padre kuwa tarishi. Hata hivyo baadhi ya watendaji, kila wanapokuwa na mchango wa kukusanya au mkutano wa kuitisha, hupeleka karatasi kanisani isomwe baada ya misa, na nyingine msikitini isomwe baada ya sala ya Ijumaa, kisha huhesabu kwamba wananchi wamearifiwa.

Mwalimu Nyerere, alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York mwezi Oktoba 1970, alilitaka Kanisa lisimame pamoja na maskini dhidi ya mifumo inayowafanya wawe maskini. Hakuliomba lishike zamu ya mtendaji wa kijiji. Mtendaji anao mshahara, ofisi na muhuri. Anaweza kubandika mlangoni siku na saa za kusikiliza mashauri, na akaketi humo siku hizo. Na shauri la kuni au la mpaka alipokee yeye kwanza, aliandike, na kumpa mwananchi tarehe ya jibu.