Mahafali ya Darasa la Saba: Sherehe ya Mtaa Mzima

Ukikaribia mwezi Septemba, shule za msingi za Tanzania huwa zimo katika msimu wa mahafali. Maturubai hufungwa uwanjani, viti vya plastiki hupangwa safu kwa safu, na muziki husikika hadi mtaa wa pili. Akina mama hufika na vitenge vya sare, mikononi wakiwa na mashada ya karatasi zinazometameta. Siku ni ya darasa la saba, lakini hawaji wazazi wa wahitimu peke yao. Huja shangazi, huja jirani, huja na mwenye duka aliyekuwa akimkopesha mtoto daftari.

Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, hufanyika Septemba, na matokeo hutoka wiki kadhaa baadaye. Mahafali mengi hufanyika kabla ya mtihani huo au mara tu baada yake. Maana yake ni kwamba siku ya vigelegele hakuna ajuaye nani amefaulu. Kinachoshangiliwa ni kumaliza: miaka saba ya kudamka, kufagia uwanja, kukimbia mchakamchaka na kuanza upya kila Januari. Anayeongoza darasa na anayeburuta mkia huvishwa shada lile lile.

Wahitimu huingia kwa mwendo wa kucheza, hatua fupifupi, huku mama zao wakitandika khanga njiani wapite juu yake. Kisha hufuata gwaride la skauti, ngoma, maigizo na ngonjera. Ngonjera, ushairi wa kujibizana uliovumishwa na Mathias Mnyampala miaka ya 1960, imepata makao ya kudumu katika shule za msingi. Mtoto mmoja husimama upande wa anayetaka kuacha shule, mwenzake akamjibu beti kwa beti mpaka akubali kurudi darasani. Wasikilizaji wakinogewa huinuka kuwatuza, noti zikabandikwa kwenye vipaji vya nyuso.

Halafu uwanja hutulia. Ni zamu ya risala.

Mhitimu mmoja husoma mbele ya mgeni rasmi, ambaye huenda akawa diwani, afisa elimu au mtu aliyesoma shule hiyo hiyo. Hutaja walianza wangapi darasa la kwanza na wanamaliza wangapi, shule imefanya vizuri wapi, na imepungukiwa nini: matundu ya vyoo, madawati, uzio, nyumba za walimu. Ni mara chache mtoto wa umri huo hupewa nafasi ya kuwaeleza viongozi mahitaji ya wenzake hadharani, tena watu wazima wakamsikiliza hadi mwisho. Mgeni rasmi hujibu hoja moja baada ya nyingine, kisha harambee huanza. Huyu huahidi mifuko ya saruji, yule mabati, mwingine rimu za karatasi.

Moyo huo wa kuchangia una historia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoharakisha elimu ya msingi kwa wote, lengo likiwa mwaka 1977, wanavijiji walifyatua matofali na kusimamisha madarasa kwa mikono yao. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza mwaka 2002, wananchi walichangia tena nguvu zao katika ujenzi.

Zawadi nazo hazitolewi kwa alama peke yake. Pamoja na waliofanya vizuri katika masomo, shule nyingi huwaita mbele walioongoza kwa nidhamu, usafi na mahudhurio. Baada ya hapo ni keki, pilau na soda, na picha za pamoja na walimu.

Sera mpya ya elimu inafupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba yanatarajiwa kumaliza pamoja. Wahitimu watakuwa wengi, na gharama zitapanda. Kamati za shule zianze kujipanga mapema, michango iwe ya kadiri ya uwezo wa wazazi, na asiwepo mtoto wa kukosa mahafali yake kwa sababu nyumbani hakuna fedha.