Rwanda haikuruhusu unachodhani

Kila mjadala wa kulegeza sheria za bangi unapopamba moto, maswali ya wasomaji wa Kanda ya Ziwa huwa yaleyale. Rwanda wameruhusu, sisi tunangoja nini? Na kama Umoja wa Mataifa umekubali ni dawa, mtoto wangu mwenye degedege nisimpe kwa nini?

Sheria kwanza. Desemba 2, 2020, Kamisheni ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa iliiondoa bangi kwenye Jedwali la Nne, lile kali zaidi, la mkataba wa dawa za kulevya wa mwaka 1961 kwa kura 27 dhidi ya 25. Imebaki Jedwali la Kwanza, iliko mofini. Mwaka huohuo Rwanda iliridhia kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje. Kuivuta Kigali bado ni kosa. Uganda nako watu walishangilia Mei 2023 Mahakama ya Katiba ilipofuta sheria ya dawa za kulevya, kumbe hoja ilikuwa akidi ya wabunge kutotimia, na Bunge likapitisha sheria nyingine kabla mwaka haujaisha. Kwetu Tanzania, kulima kunaweza kukupeleka jela miaka 30.

Sasa sayansi, maana hapa ndipo wauza chupa za “dawa” ya bangi wanapowapiga watu. Seli ya ubongo ikizidiwa na ujumbe, hutengeneza palepale, kwa mafuta ya ukuta wake yenyewe, kemikali inayorudi kinyumenyume hadi kwa seli iliyotuma na kuiamuru ipunguze. Ni breki. Kazi ikiisha, vimeng'enya huivunja kemikali hiyo na mawasiliano yanaendelea. THC, kilevi cha bangi, hukanyaga breki ileile, ila haivunjwi upesi, na huikanyaga hata mahali ambapo hakuna seli iliyoomba. Kwenye sehemu ya kumbukumbu, mtu husahau alichokuwa anasema. Kwenye sehemu inayoratibu mizani ya mwili, miguu hukosa uhakika.

Wavuvi wa dagaa wanasema msuba wa bangi unafukuza baridi na woga. Woga unaweza kuondoka kweli. Lakini mtu anayevuta nyavu usiku amesimama ukingoni mwa mtumbwi anaihitaji mizani kuliko ujasiri. Vilevile shina la ubongo, linaloendesha pumzi, lina breki hizo chache sana, ndiyo maana bangi haikati pumzi kama heroini. Wanaosema “haijaua mtu” wameishia hapo, waliozama hawawahesabu.

CBD, kemikali nyingine ya bangi, ni kitu tofauti, breki hiyo haiigusi sana. Dawa ya Epidiolex, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina chache za kifafa kikali, ni CBD iliyosafishwa, hupimwa kwa uzito wa mgonjwa, na ini lake hufuatiliwa. Maji ya kijani kwenye chupa isiyo na lebo hayana kipimo wala CBD ya kutosha. Yana THC, na anayemnywesha mtoto ni tapeli, hata akivaa koti jeupe. Anayedai sheria ibadilike adai maabara na vipimo, si chupa hizo.

Ushauri, kwa kifupi. Wajawazito, vijana, na wenye historia ya ugonjwa wa akili katika ukoo, msiiguse. Anayesikia sauti zisizokuwepo apelekwe Hospitali ya Bugando, asifungwe kamba. Methadoni ni ya uraibu wa heroini, haitibu wa bangi. Na degedege ukanda huu mara nyingi ni malaria: mtoto apimwe leo.