Tanuru la Nyumbani: Pima Hewa Kwanza, Nunua Baadaye

Kila mwaka wapo wenzetu wanaopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Marekani au Canada. Tunawaaga kwa makoti na maombi, lakini ni nadra mtu kuwaambia habari za mashine iliyojificha chini ya nyumba watakayopanga. Sisi wa geto shida yetu ni joto na feni mbovu. Kule, ukifika Januari, nyumba isiyopashwa joto haikaliki. Makala hii ni yao, na pia ya yeyote aliyewahi kuuliza darasani, "Hii Q = mcΔT itanisaidia nini maishani?"

Mashine hiyo nitaiita tanuru, ila usifikirie tanuru la matofali. Ni kabati la chuma, mara nyingi liko chumba cha chini ya ardhi, na mengi hutumia gesi. Moto unawaka ndani ya chemba ya chuma iliyofungwa. Feni inavuta hewa baridi kutoka vyumbani, inaipitisha nje ya kuta za chemba hiyo, halafu inairudisha vyumbani ikiwa moto kupitia mabomba mapana. Moshi una bomba lake la kutokea nje. Hewa ya kupumua na moshi havitakiwi kukutana hata kidogo.

Sasa, hewa ikipita kidogo, joto halichukuliwi vya kutosha. Chuma kinazidiwa, na swichi ya usalama inazima moto kabla nyumba haijapata joto. Hali hiyo ikijirudia kwa miaka, chemba inaweza kupasuka. Ufa huo ni hatari, kwa sababu kaboni monoksaidi inaweza kupenya ikaingia vyumbani. Ni gesi ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumba kikiwa kimefungwa: haina rangi wala harufu. Kwa hiyo kujua kiasi cha hewa si mambo ya mafundi peke yao.

Jinsi ya kukadiria

Kwanza, soma kibandiko cha tanuru. Kule wanapima joto kwa BTU kwa saa. Tuseme kimeandikwa kwamba linaingiza 80,000 na ufanisi wake ni asilimia 80. Joto linalobaki kwenye hewa ni 64,000. Lililosalia linaondoka na moshi.

Pili, liache tanuru liwake dakika 10 hadi 15 mfululizo, kisha pima joto la hewa inayorudi na la hewa inayotoka. Kipimajoto cha upande wa kutoka kisiwekwe mahali kinapotazamana na chemba, maana mnururisho utakidanganya. Tuseme umepata nyuzi 68 na 123 za Farenhaiti. Tofauti ni 55.

Tatu, gawanya: hewa = 64,000 ÷ (1.08 × 55). Jibu ni karibu futi za ujazo 1,077 kwa dakika, yaani kama mita za ujazo 30 kila dakika. Kwenye maboksi utaona herufi CFM, ndiyo hiyo.

Hiyo 1.08 haikutoka mbinguni. Ni dakika 60, mara uzito wa futi moja ya ujazo ya hewa (ratili 0.075), mara joto mahususi la hewa (0.24). Ni Q = mcΔT yetu ya sekondari, imevaa koti la baridi tu. Ndiyo maana mji ulio juu kama Denver, karibu mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, namba hiyo inashuka hadi kama 0.9: hewa ya huko ni nyepesi.

Kibandiko pia huonyesha tofauti ya joto inayoruhusiwa, kwa mfano 35 hadi 65. Ukipata 75, hewa ni kidogo. Anza na chujio. Huenda limejaa vumbi.

Vifaa vinavyofaa

Chujio. Vipimo vya MERV vikipanda, chujio linanasa vumbi dogo zaidi, lakini mara nyingi linabana hewa zaidi. Wengi wananunua lenye namba kubwa wakidhani ni bora, kumbe wanaliziba tanuru pua. Chujio la inchi 16 kwa 25 lina futi za mraba 2.78, hewa yetu ya 1,077 italipita kwa kasi ya futi 388 kwa dakika. La 20 kwa 25 linashusha kasi hadi 310 hivi. Ukitaka kuchuja zaidi, tafuta eneo kubwa au chujio nene la inchi 4, mradi nafasi ya kuliwekea ipo.

Kiyoyozi. Mara nyingi hutumia feni ileile. Makadirio ya kawaida ni CFM 400 kwa kila tani, kwa hiyo 1,077 inatosha tani 2.5. Lakini angalia: feni nyingi zina mwendo tofauti wa kupasha na wa kupoza, hivyo mwendo wa kupoza upimwe peke yake.

Kifaa cha unyevu. Hewa ya baridi kali ni kavu, midomo inapasuka. Vipo vinavyopitisha sehemu ya hewa kwenye bomba la pembeni. Bomba hilo lifungwe kiangazi, la sivyo linaiba hewa ya kiyoyozi.

Themostati. Hizi za kuunganishwa na intaneti nyingi huhitaji waya wa ziada unaoitwa C, wa kuzipa umeme wakati wote. Hesabu nyaya kabla ya kulipa.

Neno la mwisho kwa mpangaji: kusoma kibandiko, kupima joto na kubadili chujio unaweza mwenyewe. Kufungua mfumo wa gesi ni kazi ya fundi mwenye leseni, na mwenye nyumba aarifiwe. Ukifika, kabla hujanunua hata zulia, hakikisha kipo king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na unapolala, na kwamba kinalia ukibonyeza kitufe cha kukijaribu. Kikilia chenyewe usiku, usianze kutafuta sababu. Toka nje na wenzako wote, kisha piga simu ya dharura.