Tovuti ya Zamani Isivunjwe kwa Pupa



Wengi wetu, au jamaa zetu walio bara, tuna biashara zenye tovuti. Aghlabu hutokea fundi akasema kuwa tovuti imechakaa, yafaa itupwe na kujengwa nyingine, na fedha anazotaka si haba. Kabla ya kuzitoa, inatupasa tujue kuwa mara nyingi tovuti iliyopo yatengenezeka, na kuivunja huleta hasara isiyoonekana siku ya kwanza. Mkarafuu unaozaa haung'olewi kwa sababu ya magugu yaliyo shinani.

Natuchukue mfano wa nyumba ya wageni mjini Songea, Mkoa wa Ruvuma. Kila Februari watu hufika huko kuwakumbuka mashujaa wa Vita vya Maji Maji, walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari, 1906. Mgeni aliye Njombe au Dar es Salaam huitafuta nyumba kwa simu. Ataka kujua mambo manne: bei ya chumba, kama nafasi ipo, nyumba iko upande gani wa mji, na namba ya kupiga. Ikiwa mambo haya yamefichwa chini ya picha kubwa na salamu ndefu, ila si uzee wa tovuti. Kuyapandisha juu ya ukurasa wa kwanza ni kazi ndogo.

La pili ni uzito. Picha moja ya simu huweza kufika megabaiti 4, na mgeni hulipia kuifungua. Ikipunguzwa hadi kilobaiti 200 bado hupendeza machoni. La tatu, ukurasa usomeke kwenye simu. Aprili 2015 Google ilianza kuzitanguliza kurasa zisomekazo vyema kwenye simu, kwa wale wanaotafuta kwa simu.

Na hasara ya kuvunja ni ipi? Kila ukurasa una anwani yake. Google yaijua, na wateja wamekwisha kupelekeana. Anwani zikibadilika, anayefuata ile ya zamani hakuti kitu, naye huenda kwa jirani. Ikiwa hapana budi kuzibadili, fundi aagizwe kuielekeza kila anwani ya zamani kwenye mpya.

Hata wakubwa wamepata somo hili. Mwaka 1998 kampuni ya Netscape ya Marekani iliamua kuandika upya programu yake ya kusomea tovuti. Mpya ilitoka Novemba 2000, na muda wote huo mshindani wake, Microsoft, alikuwa akijitwalia watumiaji.

Tena, tovuti nyingi hufa kwa kukosa mtunzaji. Mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri za Tanzania Bara, Songea ikiwemo, zilizinduliwa kwa kigezo kimoja, na maafisa wa huko huko wakafunzwa kuziendesha. Huo ni mpango mwema: mwenye khabari huiandika mwenyewe, wala hamngoji fundi. Katika biashara pia, mtu mmoja wa nyumbani afundishwe kubadili bei na picha.

Kazi yenyewe ifuatwe hivi. Kwanza itolewe nakala ya tovuti nzima. Kisha libadilishwe jambo moja, zihesabiwe simu za wateja kwa mwezi mmoja, ndipo liguswe la pili. Na jina la tovuti liwe limeandikishwa kwa mwenye biashara, siyo kwa fundi. Wengi wamepoteza jina kwa kugombana na fundi.

Kujenga upya kuna wakati wake: programu iliyo chini ya tovuti ikiwa haipati tena marekebisho ya usalama, au mwenyewe akiwa hana njia kabisa ya kuingia ndani. Pasipo sababu kama hizo, wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi fundi akija na shauri la kuvunja, na aulizwe kwanza: ni kitu gani hasa kisichotengenezeka?