Je, Wajua? Majira ya Joto Yaliyopakwa Rangi ya Kijani

Je, wajua kwamba filamu iliyoongoza kwa mapato katika majumba ya sinema ya Uingereza mwaka 1969 ilikuwa kichekesho cha mahema, bikini na mafumbo ya chumbani? Inaitwa Carry On Camping. Marafiki wawili, Sid na Bernie, wanawachukua wapenzi wao kwenda kupiga kambi, huku moyoni wakitumaini kwamba kambi yenyewe ni ile ya watu wanaokaa uchi. Badala yake wanakuta watu waliovaa nguo zao zote, na mwenye shamba ambaye kila akifungua kinywa anadai pauni nyingine.

Kisa kinatokea wakati wa joto, lakini filamu ilipigwa Oktoba na Novemba 1968, katika bustani ya miti ya matunda iliyo ndani ya studio za Pinewood, nje kidogo ya London. Itazame leo nyumbani kwenye DVD, rimoti mkononi, na usimamishe picha pale watu wanapotembea kati ya mahema. Waache waigizaji, tazama nyuma yao: miti imeshaanza kupukutisha majani. Chini kulikuwa na matope matupu, nayo yalipuliziwa rangi ya kijani ili yaonekane kama nyasi. Wasichana waliovaa vipande viwili vya nguo wanaruka na kucheka katika baridi ya kutetemesha meno. Kwenye skrini kubwa ya sinema, kicheko cha ukumbi mzima kilikupitisha haraka. Nyumbani unapata nafasi ya kuona kazi iliyofanyika, na mimi naipenda zaidi filamu hii kwa sababu hiyo.

Tukio linalokumbukwa na kila mtu ni la mazoezi ya viungo. Barbara Windsor, aliyekuwa na miaka 31 akiigiza mwanafunzi wa shule, ananyoosha mikono, na sidiria ya bikini yake inaruka hadi usoni kwa mwalimu, Kenneth Williams. Hapakuwa na mtambo wowote wa ajabu. Sidiria ilifungwa mshipi wa kuvulia samaki, na fundi mmoja akauvuta kwa ufito kutoka pembeni ya kamera. Windsor mwenyewe alisimulia kwamba walipojaribu mara ya kwanza, sidiria haikung'oka. Aliyevutwa ni yeye, akaburutwa kwenye matope. Ikabidi asafishwe na kuanza upya. Wakaguzi wa filamu waliliachia tukio hilo, wakaipa filamu daraja A, yaani mtoto aliruhusiwa kuingia akiwa na mtu mzima.

Ubanaji matumizi ulikuwa ndio mwendo wa mtayarishaji Peter Rogers na mwongozaji Gerald Thomas katika mfululizo mzima wa filamu za Carry On. Carry On Cleo ya mwaka 1964 ilitumia mavazi na mapambo yaliyobaki Pinewood baada ya filamu ya Cleopatra ya Elizabeth Taylor kuhamishiwa Roma. Carry On Up the Khyber ya 1968 inaonyesha mpaka wa India ya wakoloni, lakini ile milima iko Wales, kwenye miteremko ya Snowdon.

Je, wajua pia kwamba mzaha huu una mizizi katika kambi ya mateka wa vita? Mwandishi wa Carry On Camping, Talbot Rothwell, na yule mwenye shamba mpenda pauni, Peter Butterworth, walikuwa wanajeshi wa anga ambao ndege zao ziliangushwa katika Vita Kuu ya Pili. Wajerumani waliwafunga Stalag Luft III, mahali ambapo leo ni Poland. Ndani ya uzio huo Rothwell alimshawishi Butterworth, mtu mwenye haya, apande jukwaani kuimba naye. Maonyesho yao yalikuwa na faida ya pili: kelele za ukumbi ziliwafunika wenzao waliokuwa wakichimba mashimo ya kutorokea.

Mwaka 1943 Butterworth alikuwa miongoni mwa mateka walioruka farasi wa mbao wa mazoezi, siku baada ya siku, huku chini yake wenzao wakichimba handaki. Watatu walitoroka, na wote watatu walifika Sweden salama. Kisa hicho kilipotengenezewa filamu, The Wooden Horse ya 1950, Butterworth alikwenda kuomba nafasi. Akakataliwa: hakuwa na sura ya shujaa. Mtazame tena katika Carry On Camping akinyoosha kiganja chake kudai pauni, ukijua hayo.

Kuhusu pesa, waigizaji wakuu wa kiume kama Sid James na Kenneth Williams walilipwa pauni 5,000 hivi kwa filamu, wanawake takribani nusu yake, na malipo yalikuwa ya mara moja tu. Joan Sims, aliyecheza katika filamu 24 za mfululizo huo, zaidi ya mwanamke mwingine yeyote, hakuwa na fungu katika marudio ya televisheni wala katika kanda za video na diski zilizouzwa miaka yote iliyofuata. Huo ni udhalimu. Nyuso zilizouza kanda hizo ni za waigizaji, na anayeweka diski kwenye mashine leo anawatafuta wao, hamtafuti mtayarishaji.